Vidole Vinane na Rauta ya Kikima

Kuna siku nilichonga vidole viwili vya mti nikavivaa kwenda kwa wakwe. Nikiwasimulia watu, wanacheka, na mimi huwaacha wacheke kwanza, maana siku yenyewe hakuna aliyecheka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Matinyani. Mbao ni kazi yangu ya Jumamosi na ya likizo. Siuzi. Nimejitengenezea kitanda, meza ya kulia, kabati la vyombo na karibu milango yote ya nyumba yangu. Mtu akishinda wiki nzima akiwaambia watoto wa darasa la nne waketi, anahitaji kitu ambacho ukikipima na kukikata kinakaa pale pale ulipokiweka. Mimi kitu changu kilikuwa mbao, na hasa mukau, ule mti wetu wa huku kwenye ukame ambao mchwa wakiuonja wanauacha.

Likizo ya Agosti mwaka jana niliazima msumeno wa umeme. Sitaeleza sana. Kipande cha mbao kilikuwa kifupi, mimi nilikuwa na haraka, na msumeno ukachukua kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kushoto, vyote viwili karibu na shina. Nikabaki na vidole vinane.

Mke wangu alinifunga vifungo vya shati kwa miezi miwili. Alinikatia nyama kwenye sahani mbele ya wanangu. Hakuwahi kuniambia pole ya kunibembeleza, yeye si wa hivyo, lakini siku bandeji ya mwisho ilipotoka aliushika ule mkono akaugeuza huku na huku, akasema, "Mwalimu, nisikilize. Hivi vinane ndivyo nilivyobaki navyo na mimi. Ukipoteza kingine, usinitafute nikufungue kifungo." Nilimjibu kwamba nimemsikia. Na kweli nilikuwa nimemsikia, kwa sababu woga ulikuwa umeniingia mpaka kwenye mifupa. Mashine ya kusaga posho ikiwashwa pale sokoni, mkono wenyewe ulikuwa unajificha mfukoni bila kuuambia.

Lakini mbao sikuweza kuziacha. Nilijaribu kurudi kwenye vyombo vya mkono, nikashindwa. Patasi inataka mkono wa kushoto uishike na kuielekeza huku wa kulia unagonga kwa nyundo, na mkono wangu wa kushoto sasa ulikuwa unaishika kama mtu anayeshika kijiti cha moto. Kila mfereji niliochimba ulienda kombo. Kila ukingo ulitoka umeng'atwa. Nilitupa mbao nzuri mpaka nikaona aibu, na nikikasirika mimi huwa sinyamazi, kwa hiyo nyumba nzima ikajua.

Ndipo nikaanza kufikiria rauta. Kwa asiyeijua, rauta ni mashine ya umeme inayozungusha biti, kijisu cha chuma chenye makali, kwa kasi sana, nayo ndiyo inayochimba mifereji kwenye mbao na kuchonga kingo zikawa na umbo. Nilitazama video zake mpaka bando likaisha, nikanunua lingine. Nikajifunza kwamba ziko za aina mbili hasa. Kuna kubwa yenye mishikio miwili, unayoikandamiza na biti ikashuka ndani ya mbao, nzito, yenye nguvu, inayomeza biti nene. Na kuna ndogo ya kushika kwa mkono mmoja, ya kingo na kazi nyepesi. Kilichonivutia ni ile kubwa. Niliwaza hivi: mikono yote miwili iko juu kwenye mishikio, biti iko chini, vidole vitakatwaje? Nikajifunza na masharti yake. Ukisimama ukiutazama ukingo wa ubao, sukuma mashine kutoka kushoto kwako kwenda kulia. Ukienda kinyume, biti inageuka gurudumu na mashine inakimbia nayo. Na usivae glavu kamwe karibu na kitu kinachozunguka. Hayo yote niliyajua. Nataka ieleweke kwamba niliyajua.

Nilienda kwanza Emali, kwa sababu mji ule uko kwenye barabara ya Mombasa na maduka yake ya vifaa yana vitu ambavyo huku kwetu ni mpaka uagize. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo, mchangamfu, akaniwekea rauta mbili juu ya kaunta. Niliinua ile kubwa kwa mkono wa kulia. Ilinikaa vizuri. Kisha nikautoa mkono wa kushoto mfukoni nikauweka kwenye mshikio wa pili, na pale pale nikaona tatizo: swichi ilikuwa chini ya mshikio wa kushoto, mahali pa kubonyezwa na kidole cha shahada. Kidole ambacho sina.

Muuzaji naye akaona.

"Ndugu," akasema, na sauti yake ilijaa duka lote, "na hiyo mkono? Hii haitakufaa, itakumaliza. Wacha nikupatie randa."

Wateja wakageuka. Mama mmoja aliyekuja kununua misumari akaniangalia mkono, halafu akaangalia chini haraka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimwambia yule bwana kwamba sikuja kununua ushauri, kwamba duka lake limejaa takataka, na maneno mengine ambayo mwalimu na mshiriki wa kanisa hafai kuyasema. Nikatoka bila kununua kitu. Hasira iliniwaka, na iliniwaka zaidi kwa sababu jamaa alikuwa amesema kweli.

Haikupita muda, likaja neno kutoka Kikima, nyumbani kwa mke wangu, kule juu Mbooni. Baba mkwe wangu alikuwa seremala, seremala wa kweli, na alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Vyombo vyake vilikuwa vimekaa bandani vikifunikwa na vumbi. Sasa mama mkwe alikuwa ameamua. Kulikuwa na rauta mbili, kubwa na ndogo, na wakwe wawili wanaoshika mbao: mimi, na yule aliyeoa mdogo wa mke wangu. Kila mmoja angepata moja, na mimi niliyeoa kifungua mimba ningechagua kwanza.

"Lakini amesema uende uijaribu pale pale," mke wangu aliniambia. "Anataka kuona inavyofanya kazi mkononi mwako. Anasema mashine za baba haziendi kwa mkono asioujua."

Tukaangaliana. Kwa sababu mama mkwe hakujua. Ana presha, na siku ile ya ajali mke wangu alimpigia simu akamwambia nimekwaruzwa kidogo. Likabaki hivyo. Wiki zikapita, ikawa mwezi, na uongo ukikaa mwezi ni vigumu kuutoa nyumbani.

Ningewezaje kumficha mama mkwe kwa miezi yote hiyo? Ni rahisi kuliko mtu anavyodhani. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake wana heshima ya mbali inayoitwa nthoni. Hampeani mkono. Hamkai chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kando mwingine apite. Siku hizi wengi wameacha, wokovu umeingia na watu wanakumbatiana na mama wakwe zao kwenye harusi, lakini mama huyu, ambaye hakosi ibada hata mvua inyeshe mawe, hakuacha. Nimemwoa bintiye miaka kumi na tisa, na kwa miaka hiyo nilichokuwa nimeona ni mgongo wake, leso yake, na visigino vyake akiingia jikoni. Maneno yetu yote yalipitia kwa mke wangu, hata tukiwa hatua kumi kutoka mmoja kwa mwingine.

Kwa hiyo nilihitaji kudanganya macho ya mtu anayetazama kwa mbali. Nilitafuta glavu za kazi, za ngozi. Kisha nikachukua kipande cha mbao ya saipresi nikachonga vidole viwili. Babu yangu alikuwa mchongaji wa vinyago, na nadhani huko aliko alinionea haya. Nilivichonga vikiwa vimekunjika kidogo, kama vya mtu aliyeshika kitu, nikavitia ndani ya glavu, nikaivaa.

Mke wangu alinitazama akiwa mlangoni. "Wewe umekuwa kinyago kabisa," alisema. "Si tumwambie tu?"

"Tumwambie, mashine zote mbili ziende kwa yule?"

Huo ndio ukweli wangu, na ninauandika ingawa haunipendezi. Yule mwenzangu aliyeoa mdogo wa mke wangu ana mikono mikubwa, na kila tukikutana hunisalimia kwa kunibana ule wa kulia huku akiutazama wa kushoto. Yeye alijua, nilikuwa nimemwomba anyamaze. Nilikuwa naogopa kupoteza kidole kingine, naapa, niliogopa kuliko kitu chochote. Lakini wazo la rauta kubwa ya mzee kulala kwake lilinichoma zaidi.

Tulifika Kikima asubuhi, ukungu ukiwa bado vilimani. Banda la mzee liko upande mmoja wa uwanja, jiko liko upande wa pili, yanatazamana. Nilimkuta mama mkwe ameshaketi jikoni kwenye kigoda, mlango nusu wazi, amenipa mgongo kama kawaida. Mke wangu akasimama kwenye kizingiti cha jiko, katikati yetu. Waya wa umeme ulitoka kwenye soketi ya jikoni, ukavuka uwanja mpaka bandani, kwa sababu banda halikuwa na umeme wake. Yaliyosemwa siku hiyo yalisemwa kwa Kikamba, mimi nayageuza hapa.

Mashine zilikuwa zimepanguswa na kuwekwa juu ya meza ya kazi. Ndogo haikuzidi chupa ya maji. Kubwa ilikuwa ya chuma, mishikio yake imeng'aa kwa kushikwa. Niliigusa, nusu kwa tamaa, nusu kwa hofu. Nikatafuta swichi. Ilikuwa kushoto, na kando yake kitufe cha kuifunga ibaki imewaka.

"Mama amekuona ukivuka uwanja, anauliza mbona glavu," mke wangu alisema kutoka kizingitini.

"Mwambie ni baridi ya Kikima."

Akageuka, akasema, akasikiliza. "Anasema baba hakuwa anavaa."

"Mwambie mimi nimezoea."

Akalipeleka. Kisha: "Anasema uchukue ndogo."

Damu ikanipanda kichwani. Nikajua, au nikadhani nimejua, kwamba ameshaniona mimi si mtu wa mashine kubwa, ni mwalimu wa chaki, kubwa nimwachie mwenye mikono. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie nashukuru sana, lakini nitajaribu kubwa kwanza." Alinikazia macho. Akapeleka neno.

Nilifunga ubao wa mukau kwenye meza kwa klampu mbili. Nilikaza biti kwa spana, nikaikaza tena, nikaikaza mara ya tatu. Jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya glavu na vile vidole vya mti vilikuwa vimeanza kuteleza. Nilijiambia ni ukingo mmoja tu, urefu wa mkono, sekunde chache, basi, nitakuwa nimemaliza na mashine ni yangu. Mpango wangu wa swichi ulikuwa huu: niibonyeze kwa mkono wa kulia, nifunge na kile kitufe, kisha mkono wa kulia urudi mahali pake. Kuizima ningefanya vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba ikiwaka, kuna wakati ambapo siwezi kuizima bila kuiachilia. Nililijua hilo pia.

Nikasimama upande wa kushoto wa ubao, tayari kusukuma kwenda kulia.

"Mama anasema uanze kushoto," mke wangu akasema, na akapunga mkono kuonyesha. Yeye alikuwa ng'ambo ya uwanja, ananitazama mimi, na mkono wake ulionyesha upande wangu wa kulia.

Nilisita. Video zote zilisema kutoka kushoto kwangu. Lakini hili lilikuwa neno la mwenye mashine, mjane wa fundi, na lilikuwa limeonyeshwa kwa mkono. Labda mashine hii huzunguka kinyume, nikawaza. Ningemwambia mke wangu amwulize tena. Lakini kumwuliza mama mkwe mara ya pili jambo alilolisema ni kumwambia amekosea, na nilikuwa nimeshakataa neno lake moja asubuhi hiyo. Kwa heshima nikahamia mwisho wa kulia wa ubao. Sijawahi kufanya jambo la adabu lililo la kijinga kiasi hicho.

Nikawasha. Sauti yake ilijaza banda. Nikaishusha biti, nikaigusisha ukingo.

Haikunisubiri. Ilirukia kushoto ikikimbia juu ya ubao, ikinivuta. Mkono wa kulia uling'ang'ania, wa kushoto haukuwa na cha kung'ang'ania nacho. Ule mshikio ulinitoka, mashine ikainama upande, na glavu ikateleza chini mpaka kwenye biti. Nilisikia mlio wa kukatika, kavu, mfupi, na kitu kikanivuta mkono kwa nguvu ambayo sikuijua. Vipande vikaruka vikanipiga shingoni. Nilifunga macho. Niliwaza saba, niliwaza sita, niliwaza mke wangu na vifungo vyangu vya shati.

Halafu mashine ikanyamaza. Sikuwa nimegusa swichi, umeme ulikatika tu, mashine ikafa yenyewe mkononi mwangu.

Mke wangu alikuwa anapiga kelele. Nilifumbua macho nikaona mkono wangu uko wazi, glavu haipo. Nikahesabu. Gumba. Cha pete. Cha mwisho. Ni vile vile nilivyokuja navyo. Chini kwenye vumbi kulikuwa na glavu iliyoraruka, na kando yake kidole kimoja cha saipresi, kizima, kimekunjika vizuri nilivyokichonga. Kile kingine kilikuwa vibanzi.

Na mama mkwe alikuwa anavuka uwanja. Alikuwa ameng'oa plagi kutoka kwenye soketi na alikuwa bado ameishika mkononi, waya unaburutika nyuma yake. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu. Nilijaribu kurudi nyuma, mazoea ya miaka kumi na tisa, nikagonga meza. Akanishika kifundo cha mkono wa kushoto, akauinua mpaka machoni pake. Alikuwa anatafuta damu. Hakukuwa na damu, kulikuwa na makovu yaliyopona zamani. Akatazama chini, akakiona kile kidole cha mti. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Lini?" aliniuliza. Mimi mwenyewe, si kupitia kwa mtu.

"Agosti, mama."

"Na nani alisema nifichwe?"

Mke wangu alikuwa analia kwa sauti ya chini karibu na tangi la maji la pale uwanjani. Nami, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia ni hasira. Nilimwambia, "Lakini wewe ndiye uliyesema nianze kushoto. Ndiyo maana imekimbia."

"Kushoto kwako."

"Nilimwonyesha kushoto," mke wangu alisema.

"Ulimwonyesha kushoto kwako wewe," mama yake akamwambia. "Yeye alikuwa amekutazama." Akili yake ilikuwa ikiufuata ule mkono uliopungwa. Alikuwa ameketi ametupatia mgongo, hangeweza kuuona. "Nilisikia tu. Biti ikienda kinyume inalia tofauti. Ilipogusa ubao tu nilijua."

"Ulijuaje?" Ni swali la kipumbavu, lakini nililiuliza.

Hapo akaniachilia, akaukunjua mkono wake wa kulia mbele ya macho yangu. Kidole cha shahada kiliishia kwenye kiungo cha kwanza. Kovu lilikuwa la zamani, limekuwa laini.

"Macho ya baba yao yalipoanza kuisha, kingo zote nilifanya mimi," alisema. "Yeye alipima kwa vidole, mimi nikasukuma. Watu walisifu kazi yake, tukaacha wasifu. Hii kubwa swichi yake hukwama. Ilikwama mkononi mwangu. Ndiyo maana nikakuambia uchukue ndogo."

"Sikujua, mama."

"Ungejuaje? Hujawahi kuniangalia." Alisema bila lawama, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Na mimi sijawahi kukuangalia wewe. Hata ungebaki na vidole vinne, ungekuja hapa na glavu, na mimi ningekupa mgongo."

Nilimgeukia mke wangu. Aliniambia baadaye kwamba alikua akikiona kidole kile kila siku, hakuwahi kuona kuwa ni habari ya kumpa mtu. Wakati ule alisema tu, "Nilidhani unajua."

Mama mkwe hakutupa nafasi ya kukaa na hayo. Alitoa ubao ulioumwa, akafunga mwingine, akaweka biti kwenye ile rauta ndogo na kuikaza kwa mkono ule wenye kidole kifupi, haraka kuliko mimi mwenye spana mara tatu. Akanisimamisha kwa mabega upande wa kushoto wa ubao. Akauweka mkono wangu wa kulia kwenye mwili wa mashine, na wa kushoto akaubandika bapa juu ya ubao, nyuma, mbali na njia ya biti.

"Huu ulio nao unatosha kwa hii," alisema. "Hii haitaki vidole, inataka kiganja."

Kisha akamtuma bintiye kwenye soketi, yeye akabaki. Nilitaka kumwambia basi, tuache, nimeshiba mashine kwa leo na kwa maisha. Nilimwaza muuzaji wa Emali na randa yake. Lakini yeye alikuwa amesimama ubavuni pangu, bega lake karibu liguse langu, mama mkwe wangu, na kumkimbia kungekuwa aibu kubwa kuliko zote za asubuhi ile. Nikawasha. Swichi ilikuwa chini ya gumba langu la kulia.

Nilisukuma kutoka kushoto kwangu kwenda kulia. Mashine ilinikataa kidogo, ikanisukuma nyuma, na nikaelewa kwamba huko kukataa ndiko usalama wenyewe. Vumbi jekundu la mukau lilinimwagikia viatuni. Mara moja, nilipoanza kuharakisha, yeye alikohoa, nikapunguza. Nilipofika mwisho nikazima. Ukingo ulikuwa umetoka laini toka mwanzo hadi mwisho. Nilipitisha kidole cha pete juu yake, nikarudia, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti mkono ule haukutaka mfuko.

"Chukua hiyo," alisema.

"Asante, mama."

Nikadhani tumemaliza. Lakini alienda mpaka pembeni mwa banda, akarudi na panga. Aliuvuta waya wa ile rauta kubwa, akaulaza juu ya meza karibu kabisa na mwili wa mashine, akaupiga. Haukukatika mara ya kwanza. Akaupiga tena, ukakatika, akautupa chini.

Niliumia. Hata baada ya yote, nilipoona chuma kile cha mzee kimegeuzwa jiwe, niliumia, na mdomo wangu ukatangulia akili kama siku zote. "Mama, na mwenzangu? Si hiyo ilikuwa yake?"

Alijipangusa uso kwa leso.

"Huyo bado ana kumi," alisema. "Nataka abaki navyo. Hii haitamuuma tena mtoto wangu."

Alisema mtoto, na mkono wake uliokuwa na panga ulikuwa unanielekea mimi. Nilikuwa nimeitamani ile mashine ili yule asiipate. Nilikuwa nimechonga vidole ili yule asiipate. Nilisimama pale bandani nikajiona jinsi nilivyo, mtu mzima, mwalimu. Nikalia. Nililia kwa sauti mbele ya mama mkwe wangu, kitu ambacho sijui kama kuna mwanamume wa kwetu amewahi kukifanya. Mke wangu alianza kuja, mama yake akamzuia kwa mkono. Nilimngoja ageuke anipe mgongo, ili niendelee kwa faragha. Hakugeuka. Aliketi kwenye kigogo ambacho mzee alikuwa akikikalia kazini, akaweka panga chini, akanitazama mpaka nikamaliza.